Barua ya Wazi kwa Wenye Maduka: Ondoeni Kibao cha "Ukivunja, Umenunua"

Kwa wamiliki wa maduka, kwa mameneja mnaoyaendesha siku hadi siku, na kwa viongozi wa mamlaka zilizopewa kazi ya kulinda haki za mlaji.

Baada ya salamu, nawaandikia kuhusu kibao ambacho nimekikuta katika maduka mengi mno, kikiwa kimening'inizwa juu ya rafu za vyombo vya kioo na kauri, kikiwa na maneno mawili tu: "Ukivunja, umenunua." Naomba kiondolewe, na pamoja nacho uondolewe mtindo wa kumdai mteja fedha papo hapo kila kitu kinapoanguka, bila mtu yeyote kuuliza kimeangukaje. Sisemi kwamba mteja asilipe kamwe. Ninachosema ni kwamba kinachopaswa kumfanya mtu alipe ni kosa lake, wala si ile sauti ya kitu kupasuka, na kwamba anayedai fedha ndiye anayepaswa kulionyesha hilo kosa.

Siandiki kama mtu aliyeziona rafu kutoka upande mmoja tu. Nimekuwa muuzaji dukani kwa miaka saba. Nimefungua maboksi, nimepanga vyombo, nimebandika bei, nimefagia vioo, na nimekatwa mshahara kwa vitu ambavyo sikuvigusa. Kwa hiyo najua uchungu wa mwenye mali anapoona bidhaa aliyoilipia imegeuka takataka kabla haijamrudishia hata mtaji. Lakini najua pia jinsi rafu zinavyopangwa, na sababu yake.

Niruhusuni nisimulie jambo moja nililolishuhudia nikiwa mteja. Mama mmoja wa makamo alinyoosha mkono kuchukua jagi la kioo kwenye rafu ya juu, iliyokuwa usawa wa paji la uso wake. Majagi yale yalikuwa yamesongamana, mpini wa moja umepenya ndani ya mpini wa jingine, ili mahali pa kutosha majagi sita yaingie kumi. Alipolivuta lake, la pili lilifuata, likazunguka nusu duara ukingoni mwa rafu, kisha likaanguka karibu na miguu yake. Hakupiga kelele. Aliinama, akaliweka lile la mkononi sakafuni kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, halafu akasimama pale pale akiogopa kukanyaga. Mlinzi alifika kabla ya fagio. Meneja alipokuja hakumuuliza kama ameumia. Alinyoosha kidole kuelekea kwenye kibao.

Alilipa bei yote iliyoandikwa kwenye kibandiko. Alipokwisha kulipa akasema kwa upole, "Basi naomba vipande vyangu." Akaambiwa kwamba utaratibu wa duka hauruhusu vioo vilivyovunjika kutoka nje, kwa sababu za usalama. Akapewa risiti iliyoandikwa jagi moja, akaondoka bila jagi. Lile alilokuwa amekuja kulinunua lilibaki sakafuni alipoliweka.

Sijaacha kulifikiria ombi la yule mama, kwa sababu ndani yake mna hoja yote ninayotaka kuileta mbele yenu. Kama lile lilikuwa ni mauziano, basi vile vipande vilikuwa mali yake na duka halikuwa na haki ya kumnyima. Kama halikuwa mauziano bali ni fidia ya hasara, basi kulikuwa na maswali mawili yaliyotakiwa kuulizwa kabla hajafungua mkoba: je, alikosea nini, na je, hasara halisi ya duka ni kiasi gani? Kibao kinalichanganya neno "kununua" na neno "kufidia" ili maswali yote mawili yasiulizwe.

Tuanze na kununua. Kununua ni mapatano. Huyu anasema nataka, yule anasema nakubali, na bei inajulikana kwa wote wawili. Kitu kinachoteleza mkononi hakina hata chembe ya mapatano ndani yake. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ililitazama jambo la karibu na hili mwaka 1953, katika kesi kati ya chama cha wafamasia cha nchi hiyo na duka la dawa la Boots lililokuwa limeanza kuwaacha wateja wajichukulie bidhaa wenyewe. Swali lilikuwa ni lini hasa dawa inauzwa: mteja anapoitia kikapuni, au anapofika kaunta? Majaji waliamua kwamba kitu kilichoko kwenye rafu ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayetoa ombi la kununua anapokipeleka kwa keshia, na mauziano hukamilika pale keshia anapokubali. Kabla ya hapo mteja anaweza kukirudisha kitu mahali pake bila kudaiwa chochote. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya nchi hiyohiyo, tangu ile ya mwaka 1893 hadi iliyoifuata ya mwaka 1979, nayo inasema kwamba pasipo mapatano mengine, hatari ya bidhaa kupotea au kuharibika hubaki kwa muuzaji mpaka umiliki uhamie kwa mnunuzi. Kwa maneno mengine, jagi lililo kwenye rafu ni lenu, na bahati mbaya inayolipata jagi lililo kwenye rafu ni yenu pia.

Marekani msemo huu umevuma kiasi cha kuingia katika siasa. Kabla ya vita vya Iraki vya mwaka 2003, Colin Powell, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alimwonya Rais George W. Bush kwamba akishaivunja nchi ile itakuwa yake, na onyo hilo likaja kuitwa kanuni ya Pottery Barn, kwa jina la maduka ya vyombo na samani za nyumbani. Wenye maduka hayo walijitokeza kueleza kwamba hawana kanuni kama hiyo. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi maneno ya kwenye kibao yanavyoweza kuzoeleka hadi watu wote, wauzaji na wateja, wakaamini kwamba nyuma yake iko sheria.

Sheria ipo, lakini haisemi hivyo. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili wanasheria wamekuwa wakiuliza swali lilelile kila mali ya mtu inapoharibiwa na mwingine: alikusudia, au alizembea? Waroma walikuwa na sheria ya Aquilia, iliyopitishwa katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na wanasheria wao waliifafanua kwamba anayewajibika ni aliyeharibu kwa makusudi au kwa uzembe. Ufaransa iliandika katika kanuni zake za madai za mwaka 1804 kwamba mtu hulipa madhara yaliyotokana na kosa lake. Ujerumani iliandika hivyohivyo kwa maneno yake katika kanuni zilizoanza kutumika mwaka 1900. Huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1850, mahakama kuu ya jimbo iliamua kesi ya mtu aliyekuwa akiwatenganisha mbwa waliokuwa wakipigana. Alipoinua fimbo yake ilimpiga jichoni mwenye mbwa wa pili aliyekuwa amesimama nyuma yake. Jicho la mtu ni jambo kubwa kuliko jagi lolote. Hata hivyo mahakama ilisema kwamba aliyeumia ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba mwenzake alikosea, na kwamba madhara yaliyotokea kwa ajali tupu, mtu akiwa anafanya jambo halali kwa uangalifu wa kawaida, hayamfungi kulipa.

Nchi iliyolizungumza jambo letu waziwazi zaidi kuliko zote ninazozijua ni Afrika Kusini. Sheria yake ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008 ina kifungu cha 18 kinachosema kwamba mlaji hawajibiki kwa hasara au uharibifu wa bidhaa zilizowekwa na muuzaji ili zionekane, isipokuwa kama uharibifu umetokana na uzembe mkubwa, kutojali kabisa, nia mbaya au kosa la jinai la mlaji huyo. Na kifungu kinaanza kwa kusema kwamba ni hivyo hata kama lipo tangazo linalosema kinyume chake. Wale waliotunga sheria hiyo walikijua kibao, wakakijibu moja kwa moja. Naamini hata mahali ambapo sheria haijafika mbali kiasi hicho, na uzembe wa kawaida unatosha kumfanya mteja alipe, bado uzembe huo lazima uonyeshwe. Kuning'iniza kibao hakuuthibitishi.

Hapo mtaniuliza, uzembe wa nani? Hilo ndilo swali ninalolipenda, na ndilo ambalo kibao huliziba kinywa. Katika Digesta, ule mkusanyo wa maoni ya wanasheria wa Roma uliotolewa mwaka 533, kuna kisa cha kinyozi aliyeweka kiti chake karibu na mahali watu walipozoea kucheza mpira. Mpira ukarushwa kwa nguvu, ukagonga mkono wa kinyozi, na wembe ukamkata koo mtumwa aliyekuwa akinyolewa. Nani mwenye kosa? Mwanasheria aitwaye Proculus alisema ni kinyozi, kwa kuwa yeye ndiye aliyechagua kunyolea watu mahali ambapo mpira ulikuwa ukipita kila siku. Mwingine aliongeza kwamba hata anayekubali kunyolewa mahali kama pale ana lawama yake. Hakuna aliyetosheka kusema kwamba aliyerusha mpira ndiye aliyekata koo, basi alipe. Walitaka kujua kwanza kiti kiliwekwa wapi.

Nami nawaombeni muulize kiti kiliwekwa wapi. Kwa miaka ile saba nilipanga bilauri katika piramidi kwa sababu piramidi huvutia macho ya anayepita, ingawa kila mmoja wetu alijua kwamba mteja anayetaka bilauri ya safu ya pili lazima aiguse ya safu ya kwanza. Niliagizwa kusogeza rafu ili ipatikane nafasi ya rafu moja zaidi, na njia iliyobaki katikati ikawa haipitishi toroli mbili bila moja kukwaruza vyombo. Niliweka chupa za manukato ukingoni kabisa, vidole viwili kutoka mwisho wa ubao, kwa kuwa zikisogea ndani hazionekani. Vitu vizito vilipanda juu kwa sababu chini palikuwa pa vitu vinavyouzika haraka. Mipango hiyo yote ilikuwa na faida kwa duka, na faida hiyo ilihesabiwa. Sioni haki ya kuitia faida ya mpangilio mfukoni, kisha hatari ya mpangilio huohuo ikapachikwa kwa mtu aliyeingia dakika tano zilizopita.

Inafaa kukumbuka kwamba mteja hakuanza mwenyewe kutia mkono kwenye rafu. Zamani bidhaa zilikaa nyuma ya kaunta, na muuzaji ndiye aliyezishusha, akazionyesha, akazifunga. Ikivunjika, ilivunjika mikononi mwa duka. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua huko Memphis, Marekani, duka la Piggly Wiggly ambalo wateja walijichukulia wenyewe, na mwaka 1937 Sylvan Goldman wa Oklahoma City akaleta toroli ya kusukuma ili mteja asichoke kubeba. Mtindo huo ulienea kwa sababu ulipunguza idadi ya wahudumu na kuongeza mauzo. Na kugusa kwenyewe kunauza: Joann Peck na Suzanne Shu walichapisha mwaka 2009 utafiti ulioonyesha kwamba mtu anapokigusa tu kitu, hujihisi kama mwenye kitu hicho, na hukithamini zaidi. Maduka yanalijua hilo, ndiyo maana vitu vizuri huwekwa wazi, usawa wa mkono. Aliyeualika mkono wa mgeni anajua kwamba mikono ya binadamu hutetemeka, hutoka jasho, na mara chache huteleza. Idadi fulani ya vitu itavunjika hata kama wateja wote ni waangalifu, na hiyo ni gharama ya kuuza kwa mtindo huo kama vile umeme na pango.

Tena ni gharama ambayo tayari imelipwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari za duka linaloendeshwa vizuri zina mstari wa upungufu: vilivyoibwa, vilivyovunjika, vilivyohesabiwa vibaya. Mstari huo huingizwa katika bei ya kila bidhaa, na maduka mengine huongeza bima juu yake. Kila mteja anayelipia chombo kizima analipia pia kipande kidogo cha vile vilivyovunjika. Yule mama wa jagi alikuwa amekwisha kulipia ajali za watu wengine kwa miaka mingi, siku ilipomfikia ajali yake akaambiwa ailipie peke yake.

Kuhusu watoto nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo wazazi hudhalilishwa zaidi. Mwezi Agosti mwaka 2024, mvulana wa miaka minne aliingia na wazazi wake katika jumba la makumbusho la Hecht huko Haifa, Israeli. Karibu na mlango kulikuwa na mtungi wa Enzi ya Shaba, wenye umri wa miaka isiyopungua 3,500, uliowekwa bila kizuizi cha kioo kwa kuwa jumba hilo lilipenda watu wavione vitu vya kale kwa ukaribu. Mtoto alitaka kujua kilichomo ndani, akauvuta kidogo, ukaanguka ukavunjika. Wakuu wa jumba walisema kwamba wanaoharibu kwa makusudi huchukuliwa hatua kali, hata polisi huitwa, lakini hili halikuwa jambo la namna hiyo. Mtungi ukapelekwa kwa mtaalamu wa kuunganisha vipande, na familia ikaalikwa kurudi kutembelea tena. Ikiwa wenye mtungi adimu kiasi hicho waliweza kutofautisha udadisi wa mtoto na uharibifu, wenye sahani zilizojaa stoo kwa maboksi nao wanaweza.

Hong Kong, mwezi Mei mwaka 2022, mambo yalianza vibaya. Sanamu kubwa ya kitoto, ndefu kama mtu mzima, iliyosimamishwa karibu na mlango wa duka la vinyago, iliangushwa na mtoto. Baba yake aliambiwa kwamba mtoto ameipiga teke, akalipa zaidi ya dola 33,000 za Hong Kong. Baadaye picha za video zikaonekana: mtoto alikuwa amesimama tu, akarudi nyuma, mgongo wake ukaigusa sanamu, nayo ikaanguka kwa sababu haikuwa imefungwa mahali. Watu wakahamaki, na duka likaomba radhi na kuahidi kurudisha fedha. Ninalojifunza hapo si kwamba duka lile lilikuwa baya kuliko mengine. Ni kwamba baba alilipa kwanza, na ukweli ukatafutwa baadaye; na kama kusingekuwa na video, ukweli usingetafutwa kabisa. Sheria ya Ujerumani haimwajibishi mtoto ambaye hajatimiza miaka 7, na mzazi wake hadaiwi akionyesha kwamba alimwangalia ipasavyo. Mzazi aliyeshika mkono wa mtoto mmoja huku mwingine akigeuka ghafla hajazembea. Ana mikono miwili tu. Mzazi aliyemwacha mtoto apande rafu huku yeye akitazama simu ni habari nyingine, na huyo sitamtetea.

Kwa kweli kuna wengi nisiowatetea. Anayecheza mpira kati ya rafu, anayebeba vitu sita mikononi baada ya kuambiwa achukue kikapu, anayefungua boksi lililofungwa kwa gundi ili aone rangi, anayeingia amelewa, anayerusha chupa kwa hasira: wote hao walipe, na wasikasirike wakiambiwa walipe. Hata hao, hata hivyo, walipe hasara halisi. Hasara ya duka ni kile kitakachogharimu kuileta bidhaa nyingine rafuni, yaani bei ya jumla na usafiri wake. Ikiwa stoo mna majagi mengine arobaini, duka halijapoteza mauzo hata moja kwa kuvunjika jagi moja, na kudai bei ya kibandiko ni kujipatia faida kutokana na ajali. Nimemsikia meneja mmoja akieleza kwamba bei kamili ni fundisho kwa mteja. Kazi ya duka ni kuuza. Kuadhibu si kazi yake.

Wala si kazi yake kumzuia mtu. Nimeona milango ikifungwa, mikoba ikishikiliwa kaunta, na vitambulisho vikichukuliwa rehani mpaka ndugu afike na fedha. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara yake ya 11, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba. Ikiwa dola lenyewe limekatazwa kumfunga mtu mwenye deni lililothibitishwa, mlinzi wa mlangoni amepata wapi mamlaka ya kumzuia mtu mwenye deni linalobishaniwa? Andikeni jina lake kama yuko radhi kulitoa, mpeni nakala ya maelezo ya tukio, na mkiona mna haki, nendeni mkadai kwa njia ambayo madai yote hupitia.

Sasa niseme neno kwa wenye maduka madogo, kwa sababu najua wengi wenu mtakuwa mmekunja uso tangu mwanzo wa barua hii. Duka kubwa lina bima na mstari wa upungufu. Ninyi mna rafu tatu, na chombo kimoja cha thamani kikivunjika, faida ya juma zima imekwenda nacho. Siudharau ugumu huo. Lakini aliyekivunja anaweza kuwa na hali kama yenu au chini yake, na kuuhamisha mzigo kutoka bega moja dhaifu hadi jingine hakuupunguzi uzito. Kilicho mikononi mwenu ni kuzuia. Kitu cha thamani kikae ndani ya kabati la kioo au nyuma ya kaunta, na kibao kiseme, "Tafadhali mwite mhudumu akushushie." Kibao hicho nakiheshimu, kwa sababu kinamwambia mteja la kufanya kabla ya ajali, na anayekipuuza amejitia mwenyewe katika uzembe. Kile cha "Ukivunja, umenunua" hakimwelezi mtu jinsi ya kutovunja. Kinamtisha tu, na mtu aliyetishwa hushika kitu kwa mkono unaotetemeka zaidi.

Kuna jambo moja zito kuliko yote niliyokwisha kuyataja, nami naliogopa. Naogopa kwamba baadhi yenu mtaisoma barua hii, mkubali kwamba mteja asidaiwe, kisha muende mkalikate jagi kwenye mshahara wa mhudumu wa zamu. Hilo nalijua kwa mwili wangu. Nilikuwa nafungua bahasha ya mshahara na kukuta karatasi imeandikwa "vilivyovunjika," bila tarehe, bila jina la kitu, bila kuulizwa nilikuwa wapi. Wengine wetu tulijikuta tukimkimbilia mteja na kumshika mkono, si kwa sababu tulikuwa na roho mbaya, bali kwa sababu asipolipa yeye tungelipa sisi. Ukali mwingi mnaouona kwa wahudumu mbele ya wateja unaanzia kwenye karatasi ile.

Shirika la Kazi Duniani lililisemea jambo hili mwaka 1949. Mkataba wake namba 95 unaruhusu makato ya mshahara kwa masharti yaliyowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi tu, na Pendekezo namba 85 la mwaka huohuo linaeleza kwamba makato kwa ajili ya bidhaa za mwajiri zilizopotea au kuharibika yafanyike pale tu inapoonekana wazi kwamba mfanyakazi huyo ndiye mwenye kosa, yawe ya haki, yasizidi hasara halisi, na mfanyakazi apewe kwanza nafasi ya kujieleza. Angalieni jinsi masharti hayo yanavyofanana na yale ninayowaombea wateja: kosa lionyeshwe, kiasi kiwe halisi, mtu asikilizwe. Ni haki ileile kwa watu wawili wanaosimama pande mbili za rafu moja.

Kwenu wa mamlaka za kulinda haki za mlaji, ombi langu ni fupi. Pale ambapo sheria iko kimya, ipelekeni mbele ya watunga sheria hoja ya kifungu kama kile cha Afrika Kusini, chenye maneno yale muhimu kwamba tangazo la dukani haliwezi kukibatilisha. Pale ambapo kifungu kipo, waagizeni wakaguzi wenu wavishushe vibao wanapovikuta, kwa kuwa mteja asiyeijua sheria hulipa kwa kuamini kibao, na haki asiyoijua mtu ni sawa na haki iliyofungiwa kabatini.

Kwenu wenye maduka na mameneja, kabla ya kumdai mtu, simameni mahali aliposimama. Nyoosheni mkono kama alivyonyoosha, mkavute kitu kile kutoka kwenye rafu ileile jinsi ilivyopangwa. Kikija na mwenzake, mmekwisha kupata jibu, na mkaibadilishe rafu jioni hiyohiyo kabla hamjafunga. Mwekeni mhudumu mmoja mwenye fagio na kifaa cha kuzolea taka karibu na vyombo vya kioo, na neno lake la kwanza kwa aliyeangusha liwe, "Hujaumia?" Wekeni daftari la vilivyovunjika, likiwa na safu ya mahali kilipokuwa kimewekwa, si ya jina la mtu pekee, baada ya miezi mitatu mtaona kwamba vitu huanguka kutoka sehemu zilezile, mbele ya watu tofauti.

Nitapita tena katika duka lile la majagi, kama ninavyopita katika mengine, na nitaitazama rafu ya juu kabla ya kukitazama kibao. Yeyote kati yenu atakayependa kunijibu, hata kama ni kwa kunipinga, nitamsoma kwa makini na kumjibu.

Wenu katika kuitafuta haki,

Mteja, na aliyekuwa muuzaji dukani.